Siri ya Mtungi: Funzo Kutoka kwa Wakulima wa Korosho wa Chidya



Katika mikutano ya matawi yetu, neno linalozusha maneno mengi kuliko yote ni hili la makonyo. Mwanachama mmoja husimama akasema, "Mimi karafuu zangu nimezianika mpaka zikakauka barabara, nimezipeta, nimetoa makonyo yote. Kwa nini nihesabiwe sawa na mtu aliyeleta karafuu zenye maji?" Naye mwenzake humjibu, "Bwana, wewe wayajuaje yaliyomo guniani mwangu?" Hapo mkutano hugawika pande mbili, mwenyekiti hugonga meza, na shauri huahirishwa mpaka mwaka ujao.

Sisi tulioagizwa kuujaza ukurasa huu tumeona ya kuwa ugomvi huu, kwa hakika, ni ugomvi wa siri. Wahenga walisema, siri ya mtungi muulize kata. Siri ya gunia huijua mwenye gunia. Siri ya bei ya ng'ambo huijua mnunuzi. Na siri ya tawi lililovunjika huijua mchumaji aliyekuwa juu ya mti. Kila mmoja ana lake alijualo peke yake, na kila mmoja hulitumia kwa faida yake. Basi swali ni hili: je, yawezekana kutunga kanuni ambayo kwayo mtu atasema kweli kwa sababu kweli yamlipa, wala si kwa sababu amelishwa yamini?

Wako watu waliolijaribu swali hili kwa jasho lao, nao ni wakulima wa korosho wa kusini. Twaomba wanachama watufuate mpaka Chidya, kisha turudi nyumbani pamoja.

CHIDYA NA SISI

Chidya ni kijiji cha wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara, katika nchi ielekeayo Newala na uwanda wa juu wa Wamakonde. Nchi ile si ngeni kwetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakatoka Unguja kwenda kufanya maskani Masasi. Baadaye misheni hiyo ilijenga skuli ya wavulana Chidya, na jina la skuli hiyo likavuma mbali. Nao Wamakonde wengi walivuka bahari kuja visiwani kutafuta kazi za mashamba.

Mti wao ni mkorosho, wetu ni mkarafuu, lakini shida zao na zetu ni ndugu. Miti yote miwili huishi miaka mingi. Mavuno yote mawili huanikwa juani. Na sehemu kubwa huuzwa ng'ambo, kwa watu ambao mkulima hawaoni kwa macho. Korosho ghafi za kusini huenda zaidi India na Vietnam, zikabanguliwa huko.

Wenzetu hao wamepanda na wameshuka. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho karibu tani 145,000. Katika msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wakaiacha mikorosho yao mbali. Ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Hiyo ya tatu yafaa tuitazame kwa makini. Bei ilipangwa ofisini, mkulima hakuulizwa, naye akajibu kwa njia aliyokuwa nayo: aliacha kupalilia. Hakuna askari awezaye kumlazimisha mtu aupende mti wake.

Sisi wa karafuu tulijibu kwa njia nyingine, nayo twaijua sote: magendo. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, yaani ZSTC, lilianzishwa mwaka 1968, na ndilo mnunuzi pekee wa karafuu kwa sheria. Miaka mingi bei yake ilikuwa chini mno ya bei ya Mombasa, na magunia ya Pemba yakasafiri usiku. Doria iliwekwa, watu walikamatwa, na magendo hayakwisha. Mwaka 2011 serikali ilipoipandisha bei sana, kwa nia ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, ndipo magunia mengi yalipogeuza njia, yakarudi vituoni. Bei nzuri ilifanya kazi ambayo boti za doria zilishindwa kuifanya.

KANGOMBA

Sasa tumwazie mzee mmoja wa Chidya, mwenye mikorosho yake hamsini. Ni mwezi wa Machi. Mavuno ni Oktoba. Mtoto anatakiwa skuli na ndani hamna kitu. Anakuja kijana na pikipiki yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za mjini?"

"Njema. Nimesikia babu ana shida. Mimi nitakupa fedha leo hii, nawe utanipa korosho ukivuna."

Biashara hiyo huko kusini huitwa kangomba: kununua korosho nje ya chama na nje ya mzani halali, kwa kipimo cha mtaani na kwa bei ya chini, mara nyingi kabla ya mavuno. Serikali imeikataza, nayo haikufa. Kwa nini? Kwa kuwa kijana yule ana siri mbili ambazo mzee hana: anajua bei itakayokuwapo Oktoba inakisiwaje, na anajua kipimo chake kinachukua kiasi gani. Mzee ana siri moja tu, nayo imeshatoka nje: njaa yake. Mwenye siri nyingi ndiye apangaye bei.

Wanachama wa Pemba watacheka kwa uchungu hapa, kwa maana na kwetu wako wanaokodisha mikarafuu maua hayajatoka.

WATAALAMU WALISEMA NINI

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala fupi juu ya soko la motokaa kuukuu. Alisema hivi: muuzaji ajua kama motokaa yake ni nzima au mbovu, na mnunuzi hajui. Basi mnunuzi hulipa bei ya katikati.

Tuligeuze liwe gunia. Tuseme gunia zuri lastahili shilingi 10 na gunia baya shilingi 6, na mnunuzi hawezi kuyatofautisha. Atalipa shilingi 8. Mwenye gunia zuri ataona anaibiwa shilingi 2, mwenye gunia baya ataona amepata zawadi ya shilingi 2. Mwaka wa pili mwenye gunia zuri hatajisumbua kupeta. Magunia mabaya yatazidi, na mnunuzi atashusha bei mpaka 7. Mwaka wa tatu mazuri hayaonekani tena sokoni. Hakuna aliyekusudia kuliua soko, lakini soko limekufa. Akerlof alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili, Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Mwingine ni Leonid Hurwicz, aliyezaliwa Moscow mwaka 1917, akaishi na kufundisha Marekani. Yeye aligeuza swali. Hakuuliza tu, "Soko hili litaleta nini?" Aliuliza, "Ikiwa twajua tulitakalo, na kila mtu ana siri yake, tutunge kanuni gani ili watu, kila mmoja akifuata faida yake, watufikishe huko?" Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Eric Maskin na Roger Myerson. Alikuwa na umri wa miaka 90.

Msidhani ni elimu ya mbali. Ndugu wawili wakirithi shamba la mikarafuu, na mmoja aujua kila mti, mzee mwenye busara husema: mmoja akate mpaka, na mwingine achague upande. Hakuna haja ya kiapo. Mkataji atakata sawasawa, kwani akipunja upande mmoja ndio atakaoachiwa. Kanuni imemtoa siri yake bila kumwuliza neno. Elimu yote ya Hurwicz na wenzake yaanzia hapo.

STAKABADHI GHALANI

Mwaka huo huo ambao Hurwicz alitunzwa, kusini walianza kanuni mpya. Sheria ya stakabadhi za maghala ilikuwa imepitishwa mwaka 2005, na katika msimu wa 2007/08 ikaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Kazi yake ni hii: mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zikapimwa kwa mzani, naye akapewa karatasi. Mzigo huenda ghala kuu. Huko chama kikuu, ambacho kwa Masasi ni MAMCU na kwa Newala na Tandahimba ni TANECU, hutangaza mnada. Wanunuzi huandika bei zao kwa siri, na bei hizo husomwa mbele ya wakulima. Wakulima hukubali au hukataa.

Tazameni jinsi kanuni hiyo inavyoigusa siri ya mnunuzi. Kwa kangomba, mzee wa Chidya alikuwa peke yake na mnunuzi mmoja. Kwa mnada, wanunuzi wengi wanaogopana wao kwa wao. Kila mmoja ajua korosho zitamfaa kwa bei gani, na akiificha sana siri hiyo, mwenzake atautwaa mzigo.

Lakini wataalamu waligundua ya kuwa hata hapo mnunuzi huficha kidogo. Anayeweza kulipa 3,500 ataandika labda 3,250, akikisia wenzake wataandika ngapi. William Vickrey alionyesha mwaka 1961 njia ya kuliondoa hilo: mwenye bei ya juu ashinde, lakini alipe bei ya mtu wa pili. Ikiwa wameandika 3,500 na 3,200 na 3,000, wa kwanza autwae mzigo kwa 3,200. Waonekana ujinga, lakini fikirini. Aliyeandika 3,500 hapati faida yoyote kwa kupunguza, maana bei atakayolipa haitoki katika kalamu yake. Akipunguza sana ataukosa mzigo tu. Basi huandika kweli yake. Mnada wa korosho haufuati njia hiyo. Tumeitaja ili wanachama waone ya kuwa neno moja dogo katika kanuni laweza kumgeuza mtu mficha siri akawa msema kweli.

Njia zote mbili, hata hivyo, zina adui mmoja: wanunuzi wakikutana kwa chai usiku kabla ya mnada, wakakubaliana bei, siri zao zimekuwa moja, na sanduku la zabuni limekuwa sanduku tupu. Ndiyo sababu haki ya mkulima ya kukataa ina thamani kubwa, na ndiyo sababu kuongeza idadi ya wanunuzi kwafaa kuliko kuongeza ukali wa maneno. Katika msimu wa 2024/25 minada ilihamishiwa katika mtambo wa Soko la Bidhaa Tanzania, ili mnunuzi aweze kuandika bei akiwa mbali, na katika minada ya kwanza ya msimu huo bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo.

PALIPOVUJA

Hatutaki kuwadanganya wanachama kwamba huko kila kitu ni asali. Kanuni ile imevuja mahali patatu.

Pa kwanza ni gunia lenyewe. Ghalani mkaguzi hukata korosho za sampuli, akapima kiini, na ubora hutajwa kwa ratili za kiini katika gunia la kilo 80. Hiyo ni njia nzuri ya kuitoa siri ya korosho. Lakini kipimo hicho ni cha shehena, na shehena ni korosho za watu wengi. Mzee wa Chidya aliyeanika vizuri hupata bei ile ile ya jirani aliyetia kokoto. Huyu ndiye Akerlof amekuja na kofia ya Kimakonde! Kanuni iliyomfunga mnunuzi haikumfunga jirani.

Pa pili ni malipo. Miaka ya mwanzo mkulima alilipwa kwa mafungu: fungu la kwanza kwa mkopo wa benki, mengine baada ya kuuza. Kati ya fungu na fungu palikuwa na riba, usafiri, magunia na makato ambayo mkulima hakuyaona yakiandikwa. Sasa siri ilikuwa imehamia kwa viongozi wa ushirika. Mwezi wa Aprili 1913 ilikuwa bado utawala wa Wadachi. Miaka 100 kamili baadaye, Aprili 2013, huko Liwale mkoani Lindi, wakulima wenye hasira juu ya malipo ya korosho walichoma moto nyumba. Hatusifu moto. Lakini mtu asiyeoneshwa hesabu huanza kuzikisia mwenyewe, na kisio la mtu mwenye njaa halina huruma. Baadaye mafungu yaliachwa, mkulima akawa analipwa mara moja baada ya mnada.

Pa tatu ni mwaka 2018. Msimu uliotangulia, wa 2017/18, ulikuwa wa neema. Mavuno yalipita tani 300,000 na bei katika minada ilifika shilingi 4,000. Oktoba 2018 wanunuzi walileta bei zisizofika 3,000, na wakulima wakakataa. Mwezi wa Novemba Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaenda kuzibeba. Serikali haikutaka fedha hiyo iende kwa kangomba, bali kwa mkulima wa kweli. Basi ikalazimika kuuliza kila mtu: je, wewe ni mkulima kweli?

Swali hilo, wanachama, liliulizwa wakati fedha ipo mezani. Wakati kama huo kila mtu ni mkulima. Kangomba aweza kuupitisha mzigo wake kwa jina la mjomba wake. Kwa hiyo uhakiki wa mashamba ulifanywa, uhakiki ulichukua muda, na mkulima halali alingoja pamoja na asiye halali. Wako waliongoja malipo mpaka ndani ya mwaka 2019. Funzo ni kwamba kweli hukusanywa kabla ya zawadi kutangazwa. Daftari la miti lilifaa liwe tayari miaka mingi nyuma.

Na daftari nalo lina hila yake. Ikiwa hesabu ya mikorosho yatumika tu kugawa salfa ya bure, mwenye miti hamsini atasema ana mia. Ikiwa hesabu hiyo hiyo yatumika kukisia korosho atakazotakiwa kuleta chamani, ulimi wake utaingia uzito. Hesabu moja ikitumika kwa kupewa na kwa kudaiwa, humvuta mtu pande zote mbili, naye husimama katikati, mahali kweli ilipo.

TURUDI NYUMBANI

Sasa twaweka mbele ya wanachama mambo manne, yajadiliwe katika matawi kabla ya mkutano mkuu.

La kwanza, namba ya gunia. Maadamu karafuu za kundi zinamwagwa pamoja kabla ya kukaguliwa, mwenye makonyo atakula jasho la mwenye kupeta. Kila gunia na liwe na namba ya mwenyewe mpaka mkaguzi alione.

La pili, kura ya magunia. Hatuwezi kufungua yote. Tufungue moja katika kumi, kwa kura, mbele ya watu. Lakini hesabu lazima isimame. Tuseme mtu hupata faida ya shilingi 6,000 kwa kila gunia alilolichafua. Katika magunia yake kumi, tisa yatapita, naye atakuwa amepata 54,000. Faini ya lile la kumi ikiwa 20,000, tumempa leseni ya kudanganya. Faini isiyozidi 54,000 haimzuii mtu mwenye kujua hesabu. Ama tuzidishe faini, ama tufungue magunia mengi zaidi. Wanachama wachague, lakini wasichague nusu nusu.

La tatu, wachumaji na wakodi. Mchumaji hulipwa kwa kipimo alichojaza. Kanuni yetu yamwambia: harakisha. Naye huharakisha, na matawi huvunjika, na sisi humlaumu kana kwamba hatukumwambia sisi wenyewe. Vivyo hivyo aliyekodi shamba kwa msimu mmoja: maua ya mwakani si yake, basi tawi ni kuni. Yafaa sehemu ya ujira ilipwe baada ya mwenye shamba kupita chini ya miti na kutazama. Na ukodishaji, ukishindikana kuachwa, uwe wa kugawana mavuno kwa misimu kadhaa, ili mkodi naye awe na hamu ya mwakani.

La nne, mlinzi wa mlinzi. Hurwicz alipotoa hotuba yake ya tuzo, aliuliza ni nani atakayewalinda walinzi. Mtu wa miaka 90, mwenye elimu yote ile, alimalizia penye swali ambalo kila mkulima huliuliza akimtazama karani wa mzani. Jawabu letu ni hili: karani wa tawi moja akapime katika tawi jingine, abadilishwe kila juma, na mwanachama yeyote awe na ruhusa ya kupima upya mbele yake. Vitabu vya makato vibandikwe ukutani. Na chama hiki, pamoja na ukurasa huu, kisijitoe katika kanuni hiyo.

Tusitumaini kanuni kamili. Mwaka 1983 Myerson na mwenzake Mark Satterthwaite walithibitisha kwa hesabu ya kwamba muuzaji na mnunuzi, ikiwa kila mmoja ana siri yake ya thamani, hakuna kanuni iwezayo kuhakikisha biashara yote yenye faida inafanyika bila mtu wa nje kutoa fedha. Daima kutakuwa na kitu kinachopotea njiani. Kazi yetu ni kukipunguza.

Mzee wetu wa Chidya hakusoma vitabu hivyo. Lakini ajua ya kuwa msimu ambao bei ilisomwa mbele yake alipalilia, na msimu ambao aliambiwa tu "subiri" alimsikiliza kijana wa pikipiki. Makatibu wa matawi wanaombwa waandike maoni ya wanachama juu ya mambo haya manne, na wayalete kabla ya mkutano mkuu. Mwaka huu shauri lisiahirishwe.